Kinywa cha Mgonjwa na Maana ya Subira

Ndugu mmoja katika darasa yetu ya Alkhamisi alituuliza swali ambalo mara ya kwanza lilitaka kutuchekesha. Alisema: Mtu mwenye maradhi ya sukari, ambaye fizi zake zatoka damu na meno yake yalegea, naye akanyamaza, asiende kwa tabibu wala asimwambie mtu, je, huyo ahisabiwe kuwa ni mwenye subira au ni mwenye kosa? Usiku ule tulikuwa tukisoma mlango wa hasira na kinyongo, na fizi hatukuziona kuwa ni jambo la kutajwa mahali kama pale. Lakini muulizaji hakucheka. Tulipomtazama tulifahamu kwamba yuwauliza kwa ajili ya mtu amjuaye, na mtu huyo sote twamjua.

Tulimwahidi jawabu. Jawabu lenyewe limetuchukua wiki sita, kwa sababu kila tulipolishika tuliona kuwa sisi wenyewe tumo ndani yake.

Mtu huyo ni mzee wetu mmoja, na jina lake halina haja ya kutajwa. Amekuwa na maradhi ya sukari kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa muda mrefu mahali pake msikitini palikuwa ni safu ya kwanza, upande wa kulia wa imamu, hata watoto wa chuoni walijua kwamba pale ni pake na hawakuthubutu kupakalia. Kisha akaanza kurudi nyuma. Kwanza safu ya pili, kisha ya nne, hata mwisho akawa asali nyuma kabisa kando ya nguzo. Na imamu akisha kutoa salamu, yeye huondoka kabla watu hawajapeana mikono. Akisema na mtu huweka kitambaa mdomoni. Sisi tuliomwona hivyo tulisema: Mtazameni mzee huyu alivyojaaliwa unyenyekevu! Mmoja wetu hata alimtolea mfano katika mawaidha, kwamba wako watu ambao hawazigombanii safu za mbele ili waonekane.

Haukuwa unyenyekevu. Mzee alikuwa akiona haya kwa harufu ya kinywa chake. Alikumbuka lile katazo la Mtume wetu (S.A.W.) kwa mtu aliyekula kitunguu thomu, kwamba asikaribie msikiti akawaudhi wenziwe, naye akajihukumia nafsi yake kwa hukumu ile. Twajua kwamba wako wanazuoni waliolikisia katazo hilo kwa kila mwenye harufu mbaya, hata kama ni harufu ya maradhi. Lakini hao hao walimhisabu mgonjwa kuwa ni mwenye udhuru, wala hawakumtia katika lawama. Mla thomu amekula kwa hiari yake, na kesho harufu imekwisha. Mzee wetu hakuichagua harufu yake, wala haikuisha kesho. Hakutafuta fatwa kwa mtu. Alijitolea mwenyewe, nayo ikawa kali kuliko ambayo mwanachuoni yeyote angelimtolea.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mazito zaidi. Kile kipimo cha damu kionyeshacho hali ya sukari kwa muda wa miezi mitatu iliyopita kilikuwa kila mara kiko juu, ijapokuwa vidonge alivimeza na mlo aliupunguza. Watoto wake wakamshuku. Walisema baba yuwala halua kwa siri, na kwamba akienda barazani hunywa chai ya sukari na mahamri. Binti yake, ambaye ndiye amwangaliaye na ampendaye kuliko wote, alianza kulifunga kabati kwa ufunguo. Mzee aliuona ufunguo ule asiseme neno. Alipokuja kutueleza haya baadaye, alisema kwamba nalo hilo alilitia katika hisabu ya subira.

Ama katika zahanati aliyokuwa akienda, kila mara walimpima uzito, wakamtoa damu, wakamtazama miguu kama ina vidonda, na mara moja kwa mwaka wakamtia dawa machoni ili wayaone mishipa ya ndani. Hayo yote ni mema na ni ya lazima. Lakini katika miaka yote hiyo hapana aliyemwambia: Mzee wangu, hebu fungua kinywa. Naye hakusema, kwani alidhani kwamba lau kinywa kingekuwa na maana katika maradhi yake, wasomi wale wangalimwuliza.

Kabla ya kuhukumu yatupasa tulijue tunalolihukumu, kwa kuwa wengi wetu, na sisi tuandikao tulikuwamo, twadhani kwamba kutoka damu katika fizi ni jambo la uzee tu, kama mvi.

Kinywa cha kila mtu kina vijidudu vingi, nao hufanya utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo usipoondolewa hukauka ukawa ule ukoga mgumu tuujuao, ambao hautoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Mwaka 1965 mtaalamu mmoja wa Norway, Harald Löe, pamoja na wenziwe katika chuo cha meno cha Aarhus, nchini Denmark, waliwataka watu 12 wenye afya njema waache kabisa kusafisha meno yao. Wote 12 waliugua fizi. Aliyewahi aliugua baada ya siku 10, na aliyechelewa baada ya siku 21. Walipoanza kusafisha tena, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Basi mwanzo wa maradhi haya ni mwepesi kuingia na ni mwepesi kutoka. Ubaya ni kwamba kwa watu wengine yakiachwa hayakai pale juu. Hushuka. Ufizi huachana na jino pakawa na kama mfuko mdogo, usaha ukakaa humo, na ule mfupa ulioshika jino ukaliwa kidogo kidogo. Mfupa ukisha kuliwa haurudi ulivyokuwa. Na mara nyingi haya yote hupita bila maumivu, mpaka siku ambayo mtu atafuna tende jino likacheza. Mvutaji wa tumbaku ndiye ahadaikaye zaidi, kwa kuwa tumbaku huipunguza ile damu ya fizi ambayo ingalimwamsha, huku chini mfupa waendelea kuliwa.

Sasa mtazame mtu ambaye sukari ya damu yake imepanda kwa miaka. Nguvu ya mwili wake kupigana na vijidudu imepungua, mishipa yake midogo imeharibika, vidonda vyake hukawia kupona, na kinywa chake hukauka mate, nayo mate ni ulinzi. Mtu kama huyu, hasa ambaye sukari yake haikutulizwa, yuko karibu mara tatu zaidi katika hatari ya kupatwa na maradhi ya fizi yenye kula mfupa kuliko asiyekuwa na sukari. Yule yule Löe, mwaka 1993, aliandika kwamba maradhi ya fizi yafaa kuhisabiwa kuwa ni dhara la sita la kisukari, baada ya madhara ya macho, ya figo, ya neva, ya mishipa mikubwa ya damu, na ya vidonda visivyopona upesi. Yaani tabibu atazamaye macho na miguu akaacha kinywa, ameisoma orodha akaacha mstari wa mwisho.

Lililotushtua sisi zaidi ni kwamba mambo hayendi upande mmoja. Fizi zilizowaka humwaga katika damu vitu viletavyo uvimbe, navyo huifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake sawasawa, na sukari ikapanda. Sukari ikapanda, fizi zikazidi. Katika jimbo la Arizona, huko Marekani, kuna watu wa kabila la Pima, wakaao kando ya mto Gila, ambao maradhi ya sukari yamewaenea kuliko karibu watu wote wa dunia, na wataalamu wamekaa nao miaka mingi wakiwachunguza. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2005, watu 628 wenye kisukari wa umri wa miaka 35 na zaidi walifuatwa kwa muda wa kama miaka 11. Waliokuwa na maradhi makali ya fizi walikufa kwa maradhi ya moyo na figo kiasi cha mara tatu zaidi kuliko wenziwao. Hatusemi kwamba fizi ndizo zilizowaua. Mwenye fizi mbovu huenda ana mengine mabaya pia, na kwenda pamoja si kusababishana. Lakini mwaka 2022 jumuiya ya wataalamu iitwayo Cochrane, ambayo kazi yake ni kuzikusanya tafiti na kuzipima uzito, ilieleza kwamba wagonjwa wa sukari waliotibiwa fizi zao, kipimo chao cha miezi mitatu kilishuka kwa kiasi cha asilimia 0.4 kuliko cha wasiotibiwa. Si kingi. Hakimwachishi mtu dawa. Walakini ni ushuhuda kwamba kilichomo kinywani chafika katika damu, na kwamba kuna mtu atiiaye kila aliloambiwa kuhusu chakula na bado kipimo kikamshuhudia vibaya.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu, tulilikumbuka lile kabati lililofungwa kwa ufunguo.

Hapa twataka kuingiza neno ambalo si la mlango huu hasa, lakini tukiliacha litatukera. Katika sherehe zetu za Maulidi na katika hotuba zetu twapenda sana kuwataja matabibu wa Kiislamu wa zamani. Mmoja wao ni Abul-Kasim Az-Zahrawi, wa upande wa Kordoba, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Katika kitabu chake kikubwa, Tasrif, alieleza habari ya ukoga na jinsi unavyoziharibu fizi, akafundisha namna ya kuukwangua: mgonjwa aketi mbele ya tabibu na kichwa chake kiwe mapajani mwa tabibu, na usipokwisha siku ya kwanza, arudi siku ya pili na ya tatu. Akazichora na ala zake za kukwangulia, moja moja, ya jino la ndani na ya jino la nje. Hayo yaliandikwa miaka elfu iliyopita. Nasi tulipoulizana katika darasa, watu kumi na wanne tuliohudhuria, ni nani aliyepata kukwanguliwa ukoga katika umri wake, waliinua mikono watu wawili. Basi yule twajivunia jina lake, na ala zake twazikimbia.

Turudi kwenye swali. Je, kunyamaza kwa mzee ni subira?

Wako waliosema katika darasa kwamba ndiyo. Hoja yao ni kwamba mtu hulipwa kwa kila dhiki aivumiliayo, na kwamba kulalamika ni dalili ya udhaifu wa imani, wakamtaja Nabii Ayubu (A.S.), ambaye jina lake limekuwa ndilo jina la subira. Sisi twaikubali hoja ya malipo, wala hatuna shaka kwamba mzee wetu atalipwa kwa yale aliyoyavumilia. Lakini kisa cha Nabii Ayubu hakisemi wanayoyadhani. Ayubu alimlilia Mola wake, akasema kwamba dhara limempata. Wala hakuambiwa: Nyamaza. Aliamrishwa aupige mguu wake chini, yakatoka maji, akaoga na akanywa. Yaani mwenye subira kuliko watu wote, siku ya kupona kwake alipewa kazi ya kufanya, tena kazi ya kujisafisha. Kadhalika yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, jawabu alilopewa kila mtoto wa chuoni alijua.

Twaona kwamba subira ina mahali pake. Mahali pake ni katika jambo ambalo mtu hawezi kuliondoa, au katika uchungu wa kule kuliondoa kwenyewe. Mgonjwa wa sukari ana subira nyingi za kweli: kuchoma sindano kila siku, kukiacha chakula akipendacho mbele ya watu wakilao, kuamka usiku mara nne. Na hata kukaa katika kiti cha tabibu wa meno huku fizi zakwanguliwa ni subira. Ama kuliacha jipu linalotibika likae, hilo si kuvumilia jambo, bali ni kuliacha. Tena, kama tulivyosema, maradhi haya hayana maumivu makubwa. Sasa mzee alikuwa akivumilia nini? Tulipomwuliza, hakutaja maumivu hata mara moja. Alitaja haya. Alitaja upweke wa ile nguzo, na ufunguo wa kabati. Na vitu hivyo havikutoka katika fizi zake. Vilitoka kwetu sisi na kwa watu wa nyumba yake.

Ndipo tulipoona kwamba swali letu tulilishika kwa upande usio wake. Tulikuwa tumeketi kumhukumu mnyamavu, na hatukuwahukumu walioufaidi unyamavu wake. Kwani subira ya mgonjwa haimgharimu jirani kitu. Mgonjwa akinyamaza, jirani hatoi nauli, mtoto hakosi kazi ya siku, imamu hasumbuliwi, tabibu amaliza foleni yake mapema. Basi twamsifu. Twamwita mwenye subira, naye akisha kuitwa hivyo yampasa azidi kunyamaza ili asiivunje sifa tuliyompa. Hatukukusudia ubaya, lakini yule aliyemtolea mfano katika mawaidha ametwambia kwamba tangu siku ile aliyoijua kweli hajapata usingizi mzuri.

Ndugu mwingine alitupinga kwa upande ambao hatukuutazamia. Yeye mwenyewe ana maradhi ya figo, na mara mbili kwa wiki huenda kusafishwa damu kwa mashine. Alisema: Nyinyi wenye afya mwaongeza tu. Mgonjwa ana vidonge vya asubuhi na vya usiku, ana maji ya kupima, ana miguu ya kutazama, ana chumvi ya kuacha. Kila mwaka huja mtu na jambo jipya. Leo mwaleta fizi, na asipoweza mtamwita mwenye kosa. Afadhali mumwache afe na makosa machache.

Tulinyamaza. Tulikuwa tumekwisha kuandika ukurasa mzima juu ya mwili kuwa ni amana ya Mwenyezi Mungu kwa mja wake, na kwamba mwenye kuiacha amana ikaharibika atasailiwa. Ukurasa ule hatukuuchana, kwa sababu tuyasemayo ndani yake twayaamini. Lakini tuliuweka kando, kwani ndugu huyu alisema kweli kwa nusu ya neno lake, na ile nusu ndiyo iliyokuwa na uzito. Wajibu ni kitu kimoja na lawama ni kitu kingine. Wajibu wa kukiangalia kinywa upo, na kwa mgonjwa wa sukari upo zaidi kuliko kwa mtu mzima wa afya, kwa kuwa dhara lake ni kubwa zaidi. Lakini lawama hufuata uwezo. Na uwezo wa mtu aliyechoka kwa maradhi ya miaka ishirini haulingani na uwezo wa mwanawe mwenye nguvu akaaye naye chumba cha pili. Sehemu ya wajibu ambayo mgonjwa hawezi kuibeba haianguki chini ikapotea. Huwaendea walio karibu naye. Na kama wao wako na wanaweza, lawama nayo huwafuata.

Twasema haya huku tukijua kwamba kukwangua ukoga kwa tabibu wa meno si fedha ndogo kwa mtu wa kibarua, na kwamba mashamba na visiwa vingi havina tabibu wa meno hata mmoja. Hilo ni la serikali, na yafaa iambiwe. Lakini sisi pia tusijifanye mafukara. Mtu akifa twachanga siku ile ile, na katika hitima huliwa pilau ya watu mia mbili. Kwa fizi za mtu aliye hai hatujapata kuchanga shilingi.

Mambo mengine ya jambo hili tutayapitia kwa haraka. Si kisukari peke yake. Mwenye kifafa atumiaye dawa iitwayo fenitoini, na mwenye shinikizo la damu atumiaye nifedipini, na aliyepandikizwa figo akapewa saiklosporini, hao wote fizi zao huweza kuota na kufunika meno. Naye mgonjwa hudhani ni uvimbe mbaya, akaiacha dawa kwa siri. Asiiache! Kuacha dawa ya kifafa ghafula ni hatari. Amwonyeshe tabibu, na asafishe meno kwa bidii, kwani penye uchafu ndipo zinapoota zaidi. Ama mwenye moyo ulioharibika milango yake, kama walivyo wengi waliougua homa ya baridi yabisi utotoni, vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu vikaukalia moyo wenyewe. Huyu kabla ya kung'olewa jino hapana budi amwambie tabibu habari ya moyo wake.

Iko na hofu moja iliyoenea mitaani, kwamba mwenye sukari hang'olewi jino, na aking'olewa hufa. Hofu hii imewaweka watu wengi na usaha kinywani kwa miaka. Lililo kweli ni kwamba sukari ikiwa juu sana kidonda hukawia kupona na vijidudu huingia kwa urahisi, kwa hivyo tabibu hutaka kwanza sukari itulie. Ikisha kutulia, jino hung'olewa kama la mtu mwingine. Mgonjwa aende asubuhi, awe amekula na amekunywa dawa zake kama alivyoagizwa, na aseme wazi kwamba ana sukari.

Na kwa kuwa Ramadhani ndiyo hujenga udhuru kwa wengi, twaongeza neno. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli mashuhuri ni kwamba kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makruhu kwa aliyefunga. Lakini makruhu si haramu, na Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu haya, katika Majmuu aliipendelea kauli ya kwamba si makruhu. Ama matibabu, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda cha mwaka 1997, liliamua kwamba kutoboa jino, kuling'oa, kusafisha meno, na kutumia mswaki au burashi hakufunguzi mtu, maadamu amejihadhari asimeze kilichofika kooni. Kwa hivyo asiyeutaka mswaki mwezi mzima atafute udhuru mwingine. Mti wa mswaki wetu ni mti mwema, na Mtume (S.A.W.) aliuhimiza hata karibu aufaridhishe, lakini kijiti kipitishwacho mara mbili juu ya meno ya mbele, kwa kuonekana tu, hakifiki pale jino linapokutana na ufizi, na pale ndipo penye maradhi. Atumiaye mswaki wa mti au wa dukani, na uwe wenye nywele laini, aupitishe hapo, ndani na nje, asubuhi na kabla ya kulala, na baina ya meno apitishe uzi. Damu ikitoka asiogope akaacha. Damu ndiyo yamwita.

Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa mwongozo kwamba mgonjwa aulizwe kila mwaka juu ya fizi zake, kama zavimba au zatoka damu. Swali lenyewe halichukui dakika moja. Yeyote katika wasomaji wetu ambaye ni muuguzi au tabibu wa wagonjwa wa sukari, twamwomba kwa heshima aliulize. Na msomaji ambaye ana mzazi mgonjwa nyumbani aliulize leo, wala asilifanye la kuulizwa mbele za watu, kwa kuwa haya ndiyo iliyowafunga vinywa.

Sasa tumalize habari ya mzee wetu, kwani yule ndugu aliyeuliza atataka kuijua. Alipelekwa na binti yake. Meno matatu hayakuweza kuokolewa yakang'olewa, na yaliyosalia yalikwanguliwa katika vikao vinne. Kipimo chake cha miezi mitatu kimeshuka. Dawa zake nazo zilibadilishwa katika muda huo huo, kwa hivyo hatuthubutu kusema ni kiasi gani cha kushuka huko ni cha fizi na ni kiasi gani ni cha dawa. Binti yake alimwomba radhi kwa habari ya kabati. Alitwambia kwamba baba yake alimjibu kuwa halua alikuwa akiitamani kweli, ila hakuila.

Harufu imekwisha, na kitambaa amekiacha. Lakini safu ya kwanza hajarudi. Tulipomwambia kwamba mahali pake pamwngojea, alisema kwamba sasa hukaa pale kijana mmoja ajifunzaye kuadhini, naye hapendi kumwondosha. Na kwamba ile nguzo amekwisha kuizoea. Ijumaa iliyopita sisi watu watano tulikwenda tukasali naye huko nyuma.